Ndagala au dagaa? Anwani ya duka ilitaje jina la mnunuzi

Dagaa wanaoanikwa mwaloni Rumonge, kwa Warundi ni ndagala. Mukeke naye, ukivuka hadi Kigoma, ni mgebuka. Mwenye duka la mtandaoni anayelenga pande zote mbili za Ziwa Tanganyika akumbuke kwamba mnunuzi hutafuta kwa jina alilozoea. Anwani inayoishia “?id=482” haimwambii kitu, wala Google haipati dokezo. Heri kurasa mbili: “dagaa-wakavu” kwa Kiswahili, “ndagala-seches” kwa Kifaransa, maneno yakitenganishwa kwa vistari. (Ukibakiza alama za Kifaransa, “séchés” ikinakiliwa huweza kugeuka “s%C3%A9ch%C3%A9s”. Nani ataibofya?) Ukibadilisha anwani baadaye, ya zamani ielekeze kwenye mpya, maana kiungo kilichokwisha kusambaa WhatsApp hakirudishwi.