Jinzi inashonwa Athi River, pamba inabaki Busia

Ukiokota jinzi kamera pale Gikomba, hebu jiulize ilishonewa wapi. Inawezekana ilitoka hapa hapa Athi River, ikavaliwa Marekani, kisha ikarudi kwa bale.

Iko hivi. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha AGOA, sheria iliyozifungulia nguo zetu soko bila ushuru, hata kama kitambaa kimetoka Uchina. Vijana wengi wakapata kazi ya kushona. Lakini mkulima wa pamba kule Busia ama Lamu? Huyo aliachwa kwa mataa.

Utasema, si serikali ilazimishe viwanda vinunue pamba ya hapa? Si rahisi. Shirika la Biashara Duniani, WTO, lina mkataba wa TRIMs wa 1995 unaokataza nchi kumshurutisha mwekezaji atumie malighafi ya nyumbani.

Hata kuungana na majirani kulitushinda. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ikome kufikia 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na 2017 Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ilikaza, na 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu ya AGOA.

Mlango mmoja bado uko wazi: sheria hizo za WTO hazigusi kile serikali inajinunulia yenyewe. Sare za polisi, shuka za hospitali, zote zinaweza kutoka kwa pamba yetu. Hapo hakuna mzungu wa kusingizia.