Netibuku

Netibuku ni aina ya kompyuta mpakato iliyo ndogo, nyepesi na ya bei nafuu, ambayo ilibuniwa hasa kwa ajili ya kuandika, kusoma barua pepe na kutembelea kurasa za intaneti. Jina lake limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "mtandao" na "kitabu". Kwa kawaida skrini yake ina ukubwa wa inchi 7 hadi 10, uzito wake ni kilo moja au zaidi kidogo, na haina mahali pa kuingizia CD wala DVD.

Netibuku zilienea duniani kati ya miaka 2007 na 2012. Siku hizi hazitengenezwi tena kwa jina hilo, lakini nyingi bado zinauzwa zikiwa zimetumika, na kompyuta za bei ya chini za leo zimerithi tabia zake, nzuri na mbaya.

Historia

Jina lilitumiwa kwanza na kampuni ya Psion ya Uingereza, iliyotoa kifaa chake kiitwacho netBook mwaka 1999. Kifaa hicho hakikuwa cha bei rahisi. Kilikusudiwa watu wa biashara. Mwaka 2008 kampuni ya Intel ilianza kulitumia neno hilohilo kwa kundi zima la kompyuta ndogo. Psion ilipinga, lakini pande mbili zilipatana Juni 2009 na Psion ikaliachia jina.

Wazo la kompyuta ya bei ya chini lilisukumwa pia na mradi wa One Laptop per Child wa Nicholas Negroponte, ambaye mwaka 2005 alitangaza nia ya kutengeneza kompyuta ya dola 100 kwa watoto wa nchi zinazoendelea. Bei hiyo haikufikiwa: mashine yake, XO-1, iligharimu karibu dola 200 ilipoanza kutengenezwa mwishoni mwa 2007. Katika Afrika ya Mashariki nchi iliyoupokea mradi huu kwa nguvu zaidi ni Rwanda.

Netibuku ya kwanza kupata soko kubwa ilikuwa Eee PC ya kampuni ya Asus kutoka Taiwan. Ilipotangazwa Juni 2007 ilitajwa bei ya dola 199. Toleo la 701 lenye hifadhi ya GB 4 lilipofika katika maduka ya Marekani mwishoni mwa mwaka huo liliuzwa dola 399. Lilikuwa na skrini ya inchi 7, RAM ya MB 512 na mfumo wa Linux. Mwaka 2008 zilifuata Acer Aspire One, MSI Wind, Samsung NC10 na nyingine nyingi, karibu zote zikitumia prosesa ya Intel Atom. Toleo la N270 la prosesa hiyo lilibuniwa kwa kiwango cha wati 2.5 tu, ndiyo maana betri ndogo iliweza kudumu kwa saa kadhaa.

Mwaka 2010 iPad ilitoka, mwaka 2011 zikaja Chromebook, na wakati huohuo bei ya kompyuta mpakato za kawaida ilishuka. Kufikia mwanzo wa 2013 Asus na Acer zilikuwa zimeacha kutengeneza netibuku.

Uimara

Bei ndogo hupatikana kwa kupunguza kitu mahali fulani. Kwenye netibuku kilichopunguzwa ni nguvu ya prosesa, ukubwa wa RAM, ubora wa plastiki na idadi ya seli za betri. Betri ya seli tatu hudumu karibu nusu ya muda wa betri ya seli sita, na watengenezaji wengi waliuza matoleo yote mawili kwa jina moja. Mnunuzi aliyesoma sifa za toleo kubwa na kununua toleo dogo alidhani ameuziwa kifaa kibovu, kumbe kilikuwa kinafanya kazi kama kilivyotengenezwa.

Novemba 2009 kampuni ya SquareTrade ya Marekani ilitoa uchambuzi wa kompyuta mpakato 30,000 hivi. Ilikadiria kwamba asilimia 31 zingeharibika ndani ya miaka mitatu, theluthi mbili kwa hitilafu za mashine yenyewe na theluthi moja kwa ajali kama kuanguka au kumwagikiwa na maji. Kwa netibuku ilikadiria hitilafu za mashine zaidi kwa asilimia 20 hivi kuliko kompyuta mpakato za kawaida. Takwimu hizi zinanukuliwa sana, lakini zafaa kusomwa kwa tahadhari. SquareTrade huuza dhamana za ziada, kwa hiyo hofu ya mnunuzi ni faida kwake. Tena, wakati huo netibuku zilikuwa sokoni kwa miaka miwili tu, hivyo hesabu ya miaka mitatu ilikuwa makisio.

Sehemu zinazochakaa mapema zinajulikana na kila fundi: betri, soketi ya chaja, bawaba za skrini, na feni iliyojaa vumbi. Toleo lenye diski ngumu inayozunguka haliwezi kustahimili kuangushwa kama lile lenye hifadhi isiyo na sehemu zinazotembea, ingawa hifadhi za aina hii zilizowekwa kwenye netibuku za mwanzo zilikuwa ndogo mno na nyingine zilikuwa polepole katika kuandika.

Si kila kimya ni kifo. Aspire One za mwanzo zilijulikana kwa tatizo la skrini nyeusi: mtumiaji anabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inazunguka, lakini hakuna kinachoonekana. Wengi walidhani ubao mkuu umeungua. Mara nyingi kilichoharibika ni programu ya BIOS, ambayo ingeweza kurudishwa kwa flashi yenye faili sahihi na vitufe viwili vilivyoshikiliwa wakati wa kuwasha. Fundi asiyelijua jambo hilo aliweza kumshauri mwenye mali anunue ubao mpya, au aitupe mashine.

Dhamana na huduma kwa wateja

Dhamana, ambayo wengine huiita waranti au garantii, ni ahadi ya kutengeneza au kubadilisha kifaa kikiharibika katika muda uliotajwa bila kosa la mtumiaji. Kuna dhamana ya mtengenezaji na kuna dhamana ya duka, nazo si kitu kimoja. Dhamana ya mtengenezaji huweza kuwa na mipaka ya nchi: kompyuta iliyonunuliwa Dubai au Marekani na kuletwa na ndugu inaweza kukataliwa katika kituo cha huduma cha Dar es Salaam au Nairobi, hata kama nembo ni ileile na muda haujaisha. Betri mara nyingi hupewa muda mfupi kuliko mashine yenyewe, na maji, kuanguka na umeme wa kupanda na kushuka kwa kawaida havimo.

Mfano mzuri wa mabishano juu ya dhamana ulitokea kwa Eee PC yenyewe. Mashine za kwanza zilizouzwa Marekani zilikuwa na kibandiko juu ya mfuniko wa RAM kilichosema kwamba kukiondoa kunafuta dhamana. Wateja walikumbusha kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu dhamana hairuhusu mtengenezaji kuifuta kwa sababu tu mteja amefungua au kuongeza kipuri. Baada ya kelele hizo, mwishoni mwa 2007 Asus ilikubali kwamba kuongeza RAM hakufuti dhamana. Kibandiko si sheria.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora unaokubalika, hata kama hakuandika lolote. Nchini Tanzania, Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 hushughulikia malalamiko ya walaji na bidhaa bandia. Maneno "mali ikiuzwa hairudishwi" yaliyochapwa chini ya risiti hayamwondolei muuzaji wajibu wote.

Ugumu wa netibuku ni kwamba hesabu ya matengenezo humgeukia mteja haraka. Ubao mkuu pamoja na nauli ya kuupeleka mji wenye kituo cha huduma unaweza kukaribia bei ya mashine nzima, na wakati huo mwenye mali anakaa wiki kadhaa bila kifaa. Kwa sababu hiyo risiti yenye tarehe na namba ya mashine ina thamani kubwa kuliko dhamana ya mdomo ya miaka miwili. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba kituo cha huduma kina ruhusa, katika masharti ya watengenezaji wengi, kufuta diski yote wakati wa matengenezo. Kwa mwanafunzi hasara kubwa huwa hapo: mashine inarudi nzima, tasnifu haimo. Nakala katika flashi inapaswa kufanywa kabla ya kukabidhi kifaa, na kama hakiwaki, fundi anaweza kuitoa diski na kuisoma kwa kompyuta nyingine.

Mifumo endeshi

Netibuku nyingi ziliuzwa na Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Zilizofuata zilikuja na Windows 7 Starter, toleo lililopunguzwa kiasi kwamba mtumiaji hakuweza hata kubadilisha picha ya usuli wa skrini. Huduma yake ilikoma Januari 2020. Kwa hiyo mashine inaweza kuwa nzima kabisa kwa vyuma vyake na bado isifae kwa kazi za benki au nywila muhimu.

Wamiliki wengi hukimbilia Linux. Hapa kuna mpaka mwingine: Atom N270 ni prosesa ya biti 32, na mifumo ya aina hiyo inazidi kuachwa. Ubuntu iliacha kutoa diski za kusakinishia za biti 32 kwa kompyuta za mezani kuanzia toleo la 17.10, na Debian 12 ndiyo ya mwisho kuwa na programu kamili ya kusakinishia kwa prosesa hizo. Netibuku zenye Atom N450, iliyotoka mwaka 2010, zina biti 64 na zina nafasi zaidi.

Warithi wa netibuku, yaani kompyuta za bei ya chini zilizotoka kuanzia 2014 zikiwa na hifadhi ya GB 32 iliyochomelewa kwenye ubao, zina shida ya namna nyingine. Masasisho ya Windows 10 yalikuwa yakikosa nafasi ya kufunguka, na hifadhi haiwezi kubadilishwa. Netibuku nyingi za zamani, kinyume chake, zina diski ya kawaida ya inchi 2.5 na nafasi ya RAM inayofikiwa kwa bisibisi moja. Anayenunua iliyotumika hupata nafuu kubwa akiweka RAM ya GB 2 na diski isiyozunguka. Kabla ya kulipa, aiwashe bila chaja, aifungue na kuifunga skrini mara kadhaa, na abonyeze kila herufi ya kibodi.