Kwa nini tarakilishi pepe ya uigaji hukataa kufungiwa prosesa

VIJANA wa Kibera na Kawangware wanaojifunza kazi ya kusimamia seva aghalabu hutumia tarakilishi za mtumba. Ndani yake huunda tarakilishi pepe, yaani mashine inayoishi katika programu tu. Somo linaweza kukwama pale mwanafunzi anapotaka kuifungia mashine hiyo prosesa maalumu, nao mtambo ukakataa katakata. Ni rahisi kudhani tarakilishi imezeeka na kuanza kusaka pesa za kununua nyingine, ilhali huenda kosa liko kwingine kabisa.

Kufungia prosesa ni kuamuru kwamba prosesa fulani ya tarakilishi pepe ifanyie kazi katika kiini kimoja mahususi cha prosesa halisi, isihamishwe huku na huku. Amri hiyo ina maana palipo na KVM, sehemu iliyoingizwa katika toleo la 2.6.20 la Linux mwezi Februari 2007. Hapo kila prosesa pepe ni uzi wa kazi unaojitegemea, na maagizo yake hutekelezwa na chuma chenyewe. Ikibaki mahali pamoja, data yake husalia karibu na kiini hicho.

QEMU, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, huweza kuendesha tarakilishi pepe hata bila usaidizi wa chuma. Hufanya hivyo kwa kuiga: husoma maagizo ya mashine pepe, huyatafsiri, kisha huyatekeleza. Kwa miaka mingi prosesa zote pepe zilipokezana katika uzi mmoja. Ni kama baraza la chifu lenye wazee wanne na mkalimani mmoja. Kumtengea kila mzee kiti chake hakuharakishi kikao hata kidogo.

Tangu toleo la 2.9 la mwaka 2017, QEMU huweza kuzipa prosesa pepe nyuzi tofauti hata katika uigaji. Hata hivyo, gharama kubwa ni ile ya kutafsiri, wala kufungia hakuiondoi. Ndiyo sababu maelekezo ya OpenStack, mfumo ulioanzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na Rackspace, hayaahidi kufungia prosesa kwa mashine za uigaji. Kizuizi hicho ni cha haki. Afadhali kukataliwa kuliko kuahidiwa kasi isiyokuwepo.

La kwanza, basi, ni kukagua faili ya /proc/cpuinfo katika Linux. Neno vmx, kwa prosesa za Intel, au svm, kwa zile za AMD, huonyesha kwamba chuma kina uwezo huo. Intel ilianza kuuuza mwaka 2005, na AMD ikafuata mwaka 2006, kwa hivyo tarakilishi nyingi za mtumba zinao. Neno likiwepo lakini /dev/kvm haipo, huenda uwezo huo umezimwa katika BIOS. Kwenye tarakilishi ya chuo au ya saiba, mwenyewe aombwe idhini kabla ya kuigusa.

Ukishawashwa, tarakilishi izimwe kabisa ndipo iwashwe tena, na aina ya mashine pepe ibadilishwe kutoka qemu hadi kvm. Aliyekosa maneno yote mawili na aondoe agizo la kufungia tu. Mazoezi mengine yataendelea, ingawa polepole.