Taa ya ABS ikiwaka, usikimbilie kununua sensa

Umewasha gari kuwapeleka watoto shuleni, na ile taa ya manjano ya ABS imekataa kuzimika. Breki za kawaida bado zinashika. Hata hivyo, mtambo unaozuia magurudumu yasikwame hauko kazini, na siku ya mvua ukikanyaga breki ghafla gari laweza kuserereka huku usukani hautii.

Mafundi wengi watakuambia papo hapo kwamba sensa imekufa. Huenda ni kweli, huenda unatumwa dukani bure. Sensa ni kidude kilicho karibu na beringi ya gurudumu. Huhisi meno ya pete inayozunguka na kuiarifu kompyuta mwendo wa gurudumu hilo. Basi fundi achomeke kwanza mashine ya kusoma hitilafu, ajue ni gurudumu lipi. Kisha alifungue, atazame. Je, waya umekatika pale unapopinda kila usukani ukizungushwa? Plagi imeingia maji? Pete ina kutu au ufa? Pete mbovu mara nyingi hufanya pedali itetemeke gari likikaribia kusimama, hata kwenye lami kavu.

Sensa za kizamani zenye sumaku na koili hupimwa kwa mita: zungusha gurudumu kwa mkono, volti kidogo itaonekana. Zile mpya huhitaji umeme wa gari lenyewe, kwa hivyo mita pekee yaweza kumpotosha fundi.

Na ikiwa taa nyekundu ya breki imewaka pia, watoto wapande matatu siku hiyo.