Farasi Anapokataa Mkanda

Tandiko lilikuwa bado mikononi mwa saisi, hatua nne kutoka kwa farasi, na tayari masikio yalikuwa yamelala nyuma. Lilipogusa mgongo, ngozi ikatetemeka kama ya mnyama anayefukuza nzi. Mkanda ulipopitishwa chini ya tumbo na kuvutwa hadi tundu la kwanza, yule farasi jike akageuza shingo, akaiuma nguzo ya banda, akaiachia, akaiuma tena. Upande mmoja wa nguzo ulikuwa umelika hadi mbao nyeupe ikaonekana. Hiyo haikuwa kazi ya siku moja.

Nilikuwa nimeitwa pale Karen, Nairobi, kuchanja tu. Mwenye farasi alinieleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba mnyama wake ameharibika. Miezi michache nyuma alikuwa akipandwa na watoto. Sasa hataki kwenda mbele, anapiga mkia, anatupa miguu ya nyuma akihimizwa. Walikwisha kumnunulia lijamu kali zaidi. Walikwisha kumpa fenilibutazoni wiki mbili mfululizo, wakidhani ni mgongo. Aliyenivuta kando ni saisi, mzee aliyeanza kulea farasi kabla mimi sijamaliza shule. "Daktari, huyu hana jeuri," akaniambia kwa sauti ya chini. "Anaumwa. Siku hizi nafaka anaiacha nusu, nyasi anakula. Zamani alikuwa akilamba mpaka ndoo."

Ukiwa na farasi, au ukifanya kazi na mtu mwenye farasi, shika maneno hayo ya mzee. Farasi anayesusa nafaka huku akiendelea na nyasi, anayegeuka mkali wakati wa kufungwa mkanda, anayesaga meno, ambaye manyoya yamepoteza mng'aro na mbavu zimeanza kuhesabika, anayepata msokoto mdogo wa tumbo baada ya kula: huyo ana haki ya kushukiwa vidonda vya tumbo kabla hajashukiwa tabia mbaya.

Watu wengi wanavijua vidonda vya tumbo kwa jirani au kwa mzazi, na wanachokijua kwa binadamu ndicho wanachokileta bandani. Wananiuliza kama si yule bakteria. Kwa binadamu, ndiyo: Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vyetu. Kwa farasi haijathibitishwa hivyo. Kwa hiyo antibiotiki anazopewa shangazi yako hospitalini si za kumpa farasi wako, na mwenye kumpa kwa kubahatisha anaweza kumvuruga utumbo mpana, mahali ambapo farasi hana nguvu ya kustahimili vurugu.

Tatizo la farasi limo katika maumbile yake na katika ratiba tunayompangia. Mnyama wa kilo 500 ana mfuko wa tumbo unaochukua lita 8 hadi 15 tu. Ameumbwa atembee akila kidogo kidogo, mchana na usiku, na kwa sababu hiyo mfuko wake humwaga asidi saa zote 24, ale asile. Kinachoipoza asidi hiyo ni mate. Sisi mate hutujaa tukisikia harufu ya pilau. Farasi mate humtoka anapotafuna, basi. Kilo moja ya nyasi kavu humchukua kama dakika 40 kuitafuna. Kilo moja ya nafaka huisha kwa dakika 10 hivi. Fanya hesabu ya mate mwenyewe.

Halafu mfuko wenyewe una sehemu mbili zisizofanana. Theluthi ya juu imefunikwa na utando mweupe, ndugu wa utando wa umio, usio na ute wa kujikinga. Sehemu ya chini ndiyo inayotengeneza asidi, na inajilinda kwa ute mzito na damu inayopita kwa wingi. Farasi akitembea taratibu, asidi hutulia chini mahali pake. Akianza kukimbia, misuli ya tumbo hukaza, mfuko hubanwa, na ile asidi hurushwa juu kwenye utando usio na kinga. Mfuko ukiwa na nyasi, kile chakula hukaa kama mkeka juu ya maji na kuzuia mruko. Ukiwa mtupu, hakuna kizuizi. Ndiyo maana farasi wa mbio walio mazoezini wanaongoza kwa vidonda vya juu. Katika tafiti nyingi walioathirika ni zaidi ya nane katika kila kumi.

Vidonda vya chini, hasa karibu na tundu la kutokea kuelekea utumbo, ni ugonjwa mwingine. Hapo asidi haikurushwa. Ulinzi wenyewe ndio uliolegea. Wanaoelekea kuupata zaidi ni farasi wanaofanyishwa kazi siku tano au zaidi kwa wiki, na wale wanaobadilishiwa wapandaji na walezi mara kwa mara. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa tiba ya farasi barani Ulaya lilisisitiza kwamba magonjwa haya mawili yatajwe mbalimbali, na mimi nawashukuru, kwa sababu dawa inayouponya wa kwanza mara nyingi huushindwa wa pili.

Hapa nataka kusema jambo ambalo wenye farasi hawapendi kulisikia. Tumetoka kwenye fimbo, na wengine sasa wamekimbilia dawa. Kila farasi anayekunja uso anaambiwa ana vidonda, ananunuliwa dawa ya mwezi mzima, na hakuna aliyemshika mguu wala kumfungua kinywa. Kuchukia mkanda kunaweza kutokana na tandiko lisilomkaa, mchubuko nyuma ya kiwiko, jino lenye ncha kali, maumivu ya mgongo, ovari kwa jike, au kilema kidogo ambacho jicho la kawaida halikioni. Daktari Sue Dyson wa Uingereza aliorodhesha ishara 24 za kutazama farasi akiwa anapandwa. Akionyesha 8 au zaidi, uwezekano wa maumivu ya viungo na misuli ni mkubwa. Huku kwetu ongeza homa ya kupe, ambayo humwacha farasi mnyonge, hana hamu ya chakula, na fizi zake zimepauka au zimeingia unjano. Farasi anaweza pia kuwa na mambo mawili kwa pamoja. Maumivu ya mguu humtia msongo, dawa ya maumivu ikitolewa kwa wingi hudhoofisha kinga ya tumbo, na aliyeanza na tatizo moja anaishia na mawili.

Kwa hiyo siku ile, kabla ya kutaja vidonda, nilimpapasa kutoka shingoni hadi mkiani, nikamtazama akitembezwa na akizungushwa kwa kamba, nikampima joto, nikachungulia meno. Mgongo ulikuwa sawa. Miguu sawa. Nikasimamisha fenilibutazoni, lijamu kali likatundikwa ukutani, na tukapanga siku ya kamera.

Njia ya uhakika ya kujua ni hiyo moja: kuingiza kamera puani, ipite kooni, ishuke hadi tumboni. Ile ya hospitali za watu haifiki, kwa kuwa ina mita moja na kidogo. Kwa farasi mzima tunahitaji mita 3. Anafungishwa chakula usiku kucha, anapewa dawa ya usingizi mwepesi akiwa amesimama, na kwa muda usiozidi nusu saa unayaona mambo yote. Vipimo vya kutafuta damu kwenye mavi vinauzwa, lakini sivitegemei: vinaweza kusema hapana kwa farasi ambaye tumbo lake limejaa vidonda.

Nilichokiona kwenye kioo cha kamera sikuhitaji kumfafanulia mtu. Mzee alisimama nyuma yangu, mkono mmoja shingoni mwa farasi. Utando wa juu, ambao ungekuwa mweupe kama ngozi ya ngoma, ulikuwa umekatika mistari ya manjano na mashimo mekundu kando ya ule ukingo unaoutenga na sehemu ya chini. Shimo moja lilikuwa linavuja damu. Chini, karibu na tundu la kutokea, kulikuwa na doa jekundu lililovimba. "Na tulikuwa tunamkaza mkanda juu ya hivyo," mzee akasema.

Kamera hizi hazipatikani kila mahali, najua, na gharama yake si ndogo. Asipopatikana mwenye kamera, daktari anaweza kuamua kujaribu dawa na kutazama matokeo. Ni njia halali, ila uijue udhaifu wake: farasi akipata nafuu haijathibitika kwamba ni vidonda, kwani huenda amepumzishwa na kulishwa vizuri wakati huohuo; asipopata nafuu, huenda anavyo, lakini ni vile vya chini.

Dawa kuu ni omeprazoli, inayofunga vitengeneza-asidi. Kipimo cha kawaida cha tiba, kwa ile dawa ya lahamu iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi, ni miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa wiki nne hivi. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni gramu 2. Nasema hivi kwa sababu nimekuta watu wakifungua vidonge vya duka la dawa, vile vya miligramu 20, na kuvimwaga kwenye pumba: vidonge vitatu, vinne, kwa mnyama ambaye kwa kipimo hicho angehitaji 100. Zaidi ya hapo, omeprazoli huharibiwa na asidi ileile inayopigana nayo. Zile punje ndogo ndani ya kidonge zimevikwa koti la kuivusha tumboni salama, na farasi akizitafuna, koti limekwisha. Mpe dawa aliyoandikiwa, alfajiri, kabla ya chakula, kisha subiri dakika 30 hadi 60 ndipo ale. Ikichanganywa na chakula, sehemu kubwa hupotea bure.

Kwa vidonda vya chini, omeprazoli peke yake huponya kama robo tu ya wagonjwa. Tunaongeza sukralfati, ambayo hujipaka juu ya kidonda, au tunatumia misoprostoli. Hiyo ya mwisho mwanamke mjamzito asiishike kabisa, hata kwa kumsaidia saisi dakika moja. Inaweza kuharibu mimba.

Lakini kazi iliyonichukua muda mrefu zaidi pale bandani ilikuwa ya karatasi na kalamu. Niliketi na mzee juu ya robota la nyasi tukaandika siku ya yule farasi saa kwa saa. Nyasi za jioni alipewa saa kumi. Saa mbili usiku zilikuwa zimekwisha. Saa kumi na mbili asubuhi alipewa nafaka, na nusu saa baadaye tandiko mgongoni. Muda wa saa kumi kila usiku, asidi ikimwagika kwenye mfuko mtupu, halafu anakimbizwa. Hakuna aliyekuwa mkatili. Ratiba ilifuata saa za wafanyakazi kuingia na kutoka, basi.

Muda wa kukaa bila nyasi usizidi saa sita. Kwa siku ale nyasi kavu zisizopungua asilimia 1.5 ya uzito wake, zikipimwa bila maji, yaani kama kilo 9 za nyasi ya Boma Rhodes kwa farasi wa kilo 500. Tulizigawa, fungu kubwa likawa la usiku, kwenye nyavu mbili zilizovishwa moja juu ya nyingine ili matundu yawe madogo na ale polepole. Nafaka tulikata. Wanga usivuke gramu moja kwa kila kilo ya uzito katika mlo mmoja. Kwa farasi huyu ni nusu kilo ya wanga, na mahindi kiasi cha gramu 700 yanaifikisha. Gorogoro moja ya mahindi kwa mlo, kama nilivyokuta kwenye mabanda mengine, ni karibu mara tatu ya hapo. Nishati iliyopungua tuliifidia kwa mafuta ya kupikia vijiko vichache, tukiongeza polepole. Maji yakae bandani saa zote. Na kabla ya tandiko, konzi kadhaa za lusina iliyokatwakatwa: kalsiamu na protini zake hupoza asidi, na majani yenyewe ndiyo mkeka nilioutaja.

Ukame wa mwaka 2022 ulitufundisha jinsi nyasi zinavyoweza kuwa adimu, na simlaumu mtu anayepunguza mafungu bei inapopanda. Ila akate nafaka kwanza, nyasi mwisho. Na mwenye punda wa mkokoteni, ambaye amesoma hadi hapa akidhani habari hii ni ya matajiri wa Karen, namwomba amtazame punda wake aliyefungwa tangu asubuhi bila unyasi mdomoni. Punda naye hupata vidonda hivi; tofauti ni kwamba yeye huvumilia kimya mpaka hali imekuwa mbaya.

Baada ya wiki nne tulirudisha kamera. Juu palikuwa peupe, makovu mawili tu. Doa la chini lilikuwa limepungua bila kuisha, tukaendelea na dawa mwezi mwingine, siku mbili za mapumziko kila wiki, na mpandaji mmoja badala ya watatu. Alipofungwa tandiko masikio bado yalirudi nyuma. Mwili ulikuwa unakumbuka. Mzee hakumwambia neno. Alimtundikia wavu wa lusina mbele, akamwacha aanze kutafuna, akafunga mkanda tundu la kwanza bila kuvuta, akazunguka banda zima akiokota kamba na ndoo, akarudi, akapandisha tundu la pili. Nguzo ilikuwa imepigwa randa upya. Nilipitisha kidole juu yake nikitafuta alama ya jino.