Tetesi za kruza za mwakani: zinatoka wapi, na zipi za kuaminika?

Anayefuatilia tetesi za usajili wa Simba na Yanga anaujua mchezo huu. Mchezaji kaonekana uwanja wa ndege, picha imesambaa, na kufikia jioni watu wameshamvalisha jezi. Mashabiki wa pikipiki aina ya kruza nao wana msimu wao. Kila mwaka, kabla kampuni hazijatangaza matoleo mapya, maneno huanza: injini inaongezwa ukubwa, jina fulani linafutwa, bei inapanda. Wasikilizaji wetu wanaoishi Marekani wametuuliza zaidi ya mara moja: ninunue sasa au nisubiri ya mwakani? Swali hili lina fedha ndani yake, kwa sababu kruza kubwa za Harley-Davidson nyingi huzidi dola 15,000 huko.

Kwa asiyezifahamu, kruza ni pikipiki yenye kiti cha chini, usukani uliorudi nyuma kumfuata dereva, na mahali pa kuwekea miguu palipo mbele au katikati. Imetengenezwa kwa safari ya kustarehe, si kwa mbio. Nyingi zina injini ya silinda mbili zilizopanuka kama herufi V.

Kwanza tuelewane kuhusu huo "mwaka". Mwaka wa toleo si mwaka wa kalenda. Sheria za Marekani zinaruhusu pikipiki ya toleo la 2018 kutengenezwa na kuuzwa ndani ya 2017. Kwa muda mrefu Harley walikuwa wakitangaza matoleo ya mwaka unaofuata mwezi Agosti. Kuanzia toleo la 2021 uzinduzi mkuu ulihamia Januari. Mabadiliko hayo ya ratiba yamewapa watu wa tetesi miezi mingine ya kuzungumza.

Sasa, maneno yenyewe yanatoka wapi? Chanzo chenye uzito kuliko vyote ni karatasi za serikali. Pikipiki haiwezi kuuzwa California kabla bodi ya hewa ya jimbo hilo haijathibitisha kwamba moshi wake uko ndani ya kiwango, na vyeti hivyo viko wazi kwa umma. Humo mna jina la modeli au namba yake, na ukubwa wa injini. Hakuna picha wala bei. Kwa hiyo ukisikia "injini ya ukubwa fulani imepitishwa California", hilo lina miguu. Ukisikia "itakuwa na tangi kubwa na kiti cha ngozi", hapo mtu ameshaanza kuongeza chumvi yake.

Chanzo cha pili ni majina ya biashara. Kampuni husajili jina mapema ili lisichukuliwe na wengine, na mashabiki huona usajili huo na kudhani pikipiki iko njiani. Tahadhari hapa. Mwaka 2018 Harley wenyewe walitangaza mpango wa pikipiki mpya kadhaa. Mwaka uliofuata walionyesha Pan America na nyingine iliyopewa jina Bronx katika maonyesho ya Milan. Pan America ilifika madukani 2021. Bronx haikufika kabisa. Kama pikipiki iliyoonyeshwa na mwenyewe jukwaani inaweza kufutwa, jina tupu kwenye daftari la serikali lina thamani gani?

Chanzo cha tatu ni matamanio ya watu, na hapa ndipo penye kelele nyingi. Harley walipoleta Sportster S mwaka 2021, yenye injini mpya ya Revolution Max 1250T inayopozwa kwa maji, wengi walisifu nguvu yake lakini wakalalamikia mambo mawili: shokapu ya nyuma ilikuwa na mwendo mfupi, kwa hiyo kila shimo la barabara linaupata mgongo, na tangi linabeba lita 11.8 tu. Kila mwaka tetesi zilisema yote mawili yatarekebishwa. Toleo la 2025 likaja na shokapu ya nyuma yenye mwendo mrefu zaidi. Tangi likabaki vilevile. Na hiyo ni afadhali, maana miaka mingi kinachobadilika ni rangi tu, na mashabiki huishia kutaniana.

Lakini kwa maoni yetu, nguvu inayobadilisha kruza kuliko matamanio yote ni sheria ya moshi. Sportster ilizaliwa 1957, na injini yake ya Evolution, inayopozwa kwa hewa, ilianza kutumika 1986. Kanuni za Ulaya ziitwazo Euro 5 zilipoanza kuzibana pikipiki zote mpya mwaka 2021, Sportster hizo ziliondolewa kwenye soko la Ulaya. Marekani zilidumu hadi toleo la 2022. Aliyesoma ratiba ya Euro 5 aliona mwisho huo ukija bila kuhitaji tetesi ya mtu yeyote.

Tukio lililowauma wengi zaidi ni la Agosti 2017. Harley walikuwa na familia mbili za kruza kubwa zilizokaribiana: Softail, na Dyna iliyokuwepo tangu 1991. Kwa toleo la 2018 walitengeneza fremu mpya ya Softail, wakaweka injini ya Milwaukee-Eight, na kuifuta Dyna. Majina kama Low Rider, Street Bob na Fat Bob hayakufa. Yalihamishiwa kwenye Softail mpya. Aliyekuwa akisubiri Low Rider ya mwaka unaofuata alipata jina lilelile juu ya pikipiki nyingine kabisa, nyepesi zaidi na, kwa waliokuwa wameipenda Dyna, isiyo na roho ileile.

Tofauti hiyo ina gharama hadi leo kwa anayenunua iliyotumika na kuileta Afrika Mashariki, kwa sababu vipuri vya fremu na injini haviingiliani. Usitegemee tangazo linalosema "Low Rider 2018". Angalia nyuma: Dyna ina shokapu mbili zinazoonekana, moja kila upande. Softail ina moja iliyofichwa chini ya kiti. Kisha omba namba ya chesisi, yenye tarakimu na herufi 17. Kwa pikipiki iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, alama ya 10 ndiyo mwaka wa toleo: H ni 2017, J ni 2018, K ni 2019. Herufi I imerukwa ili isichanganywe na namba 1. Muuzaji akikuambia ni ya 2018 na wewe ukakuta H, umeshapata la kuzungumza naye kabla hujatuma fedha.

Na yule wa kusubiri au kununua? Kama unayoitaka ipo dukani na inakutosha, subiri toleo jipya litangazwe, kisha urudi kwa wakala yuleyule. Zilizobaki za mwaka uliopita ndizo mawakala hupenda kuziondoa, na hapo ndipo punguzo huombwa. Kama unasubiri kwa sababu umesikia kitu fulani kitaongezwa, muulize aliyekuambia amekiona kwenye karatasi gani.