Plastiki ya mwanga yasubiri wanunuzi

Wanaofuatilia hisa za teknolojia huko Marekani wanaijua safari ya Lightwave Logic, kampuni ya Colorado. Iliingia soko la NASDAQ Septemba 2021, na kabla ya mwaka kwisha hisa moja ilikuwa imevuka dola 15. Mapema 2025 iliuzwa kwa dola 1 hivi. Bidhaa yenyewe ni nini?

Ni plastiki maalumu inayoongezwa kwenye chipu za silikoni. Katika vituo vya data, habari husafiri kwa mwanga, hivyo lazima pawepo kifaa cha kugeuza umeme kuwa ishara za mwanga. Silikoni ni rahisi na viwanda vyake vipo tayari, lakini ina kasoro ya kuzaliwa: ukiiwekea umeme, mwendo wa mwanga ndani yake haubadiliki kiasi cha kufaa. Wahandisi hulazimika kuingiza na kutoa chaji katika njia ya mwanga, jambo linalopunguza kasi na kupoteza mwanga.

Dawa yake ni ufa mwembamba katika silikoni, wa nanomita 100 hivi, unaojazwa plastiki yenye molekuli zinazoitikia umeme papo hapo. Ufa ukiwa mwembamba, volti kidogo zinatosha. Mwaka 2014 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walionyesha kifaa kama hicho kikifika gigahezi 100.

Shaka yetu iko kwenye joto. Molekuli hizo hupangwa zielekee upande mmoja: plastiki hupashwa moto, huwekewa umeme, kisha hupozwa. Zikikaa tena kwenye joto huanza kulegea, na kifaa huishiwa nguvu. Oksijeni nayo, ikikutana na mwanga, huila plastiki. Wanunuzi wa vifaa vya mawasiliano hudai majaribio ya saa 2,000 katika nyuzi 85 za sentigredi. (Wanaodharau wakumbuke kwamba skrini nyingi za simu leo zina tabaka za aina hiyo, zikifungwa vizuri zisipate hewa.)

Kwa hiyo mwenye hisa asibabaishwe na rekodi za kasi. Aulize kiwanda gani cha chipu kimeikubali plastiki hiyo, na oda za kulipia ni kiasi gani. Mwaka 2023 mapato ya kampuni hayakufika dola 100,000, na hasara ilizidi dola milioni 20. Tena mshindani yuko mlangoni: niobati ya lithiamu, fuwele iliyozoeleka katika mawasiliano kwa miongo kadhaa, sasa hutengenezwa kwa tabaka jembamba, na haina molekuli za kulegea.